Chagua Lugha

Kompyuta ilishuka stesheni Alhamisi
imeviringishwa blanketi la kijivu na kamba ya katani.
Mpagazi akaniuliza kama ni cherehani.
Nikasema ndiyo. Mwanga watu wakisikia kompyuta
kesho yake wako mlangoni na barua za kuchapiwa.

Haina kitu ndani. Niliinunua hivyo, tupu,
kama chungu kipya kisichojua bado
kitapikiwa maharage au mizizi.
Yenye mfumo wa kulipia ilizidi bei
kwa madumu manne ya mawese.
Sikuwa na madumu manne.

Misago, mtoto wa dada yangu, kaja na flashi tatu
kazifunga raba za rangi asizichanganye.
Kapakua wiki nzima, saa nane za usiku,
bando likiwa rahisi na Gungu yote imelala;
ikifika asilimia tisini umeme unakatika,
anatukana kidogo, anaanza upya.

"Nyekundu ni toleo la mwezi jana,
kila kitu kipya, hata makosa yake mapya.
Njano ni jepesi, la mashine zilizochoka.
Kijani ni la zamani kidogo, limetulia,
litatunzwa miaka mitano."
Akaninyooshea zote tatu
kama tulivyokuwa tukichaguana vidole utotoni.

Sijazoea kuulizwa.
Hapa reli inapokomea vitu hufika
vikiwa vimeshachaguliwa njiani:
khanga zilizokataliwa Dodoma,
zikakataliwa na Tabora,
madaftari ya mistari mikubwa shule ikitaka midogo.
Miaka ishirini na sita nilikata stakabadhi za ushuru Kibirizi,
gunia la dagaa, jina, kiasi, sahihi,
na hata rangi ya wino sikuwahi kuichagua.

"Nani anayelitunza hiyo miaka mitano?"
"Watu."
"Watu gani?"
"Watu tu, mama mkubwa. Wanaandika, wanaacha wazi,
ukiona kosa unarekebisha."
Nina miaka sitini na moja.
Sijaona kitu cha bure kisicho na mwenyewe
anayekuja jioni kukidai.

Lakini nilishika ya kijani.
Mitano inanitosha kuijua. Kipya nitakikuta mbele,
kama nami nitatunzwa.

Skrini ikawaka: chagua lugha.
Nikashuka na kishale, polepole,
nikapita maandishi kama nyayo za kuku matopeni.
Kiha hakimo. Nilikitafuta kimya kimya,
bila kumwambia Misago.
Kiswahili kimo, kimebanwa katikati ya wenzake.
Nikabonyeza.

Kikaja nusu.
*Karibu. Endelea. Rudi nyuma.*
Halafu Kiingereza, mistari mitatu,
kama mawe kwenye mchele wa mgeni.
Halafu *tafadhali ngoja kitambo*, na hapo nikamwona
huyo mtu, sijui yuko wapi, sijui analipwa nini,
akitafuta usiku neno la upole.
Nadhani alichoka baada ya hapo,
maana swali lililofuata lilisema:

*Futa diski zima?*

"Inafutwa au inazimwa?" nikauliza.
Misago akacheka. Mimi sikucheka.
Gunia zima, samaki mzima, diski nzima.
Niliwahi kurudisha stakabadhi kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Basi rekebisha," akasema.
"Mimi?"
"Ipo wazi."

Tukakubali kufuta, tukangoja hicho kitambo,
chai ikapoa, mfumo ukasimama.
Kitu cha kwanza nilichoandika nyumbani kwangu
hakikuwa barua wala hesabu ya mawese.
Ni herufi moja, n,
nikaituma kuelekea kule treni inakotoka.

Misago anasema itaingia toleo lijalo,
kama watakubali.
*Kama.*
Nalijua neno hilo. Nimekaa nalo stesheni
na chupa ya chai, mara nyingi tu,
na behewa likafika.