Hengi in Dhea

Mdogo wangu Mbaruku kajibu jana,
baada ya siku kumi na nane za mimi kuchungulia simu
kwa mikono ya grisi.
Nilimwandikia: mabati ya karakana yamekwenda na upepo,
Mwanamkasi kalazwa Bombo tangu Ijumaa,
spoku zimepanda bei.
Akajibu kwa Kizungu, maneno matatu:
hengi in dhea.
Na picha ya kidole gumba.

Nikamwita Semboja, kijana wa Usagara,
pancha yake ya tatu wiki hii.
Akasema: hengi ni kuning'inia, in ni ndani, dhea ni pale.
Ning'inia ndani pale.
Pale wapi?
Akajikuna. Mwalimu hajafika hapo.

Usiku nikaitazama fremu ya Foniksi
niliyoiangika kwenye kenchi zilizobaki,
inayumba, haina gurudumu hata moja.
Nikaiambia: kumbe ni wewe.

Asubuhi akaja Bi Mwanakheri, afundishaye Kiingereza Chumbageni,
mnyororo umemkatikia Barabara ya Tisa.
Alicheka mpaka akakalia tairi.
"Si kuning'inia, fundi. Anakwambia kaza, usiachie.
Wao kitenzi chao hukiburuzia vijineno nyuma
kama mtoto na kopo lake la kamba.
Sisi mkia twauotesha humohumo:
shika,
shikia,
shikilia.
Uzito ukizidi, neno linarefuka."

Shikilia. Nikalitafuna.
Mwishoni mna lia.
Sikumwambia.

"Na husemwa lini?"
"Kwa mwenzio, si kwenye barua ya ofisi.
Husemwa na mtu asiyeweza kitu,
na kunyamaza hataki."

Nami nilikwisha kumtukana moyoni:
aliyekanyaga ardhi hamchoki aliyening'inia,
humhimiza tu asiachie tawi.
Lakini Mbaruku anakosha vyombo usiku kucha
katika mji ambao jina lake hunivunja ulimi.
Yeye nani alimwandikia?
Mimi kila nikiandika, naandika bei.

Nikaunga mnyororo, Bi Mwanakheri sikumtoza.
Nikashika simu, kidole cheusi kikitia alama kwenye kioo:
Mwanamkasi kala uji leo, kamaliza bakuli.
Nawe hengi in dhea, mdogo wangu.

Halafu nikavuta ngazi,
nikaiangua ile Foniksi.
Mwenyewe kaja, kabeba magurudumu kwapani,
na ana haraka.