Hapa

Tandahimba, saa tano usiku, msimu wa korosho.
Simu ya Bi Nangumbi, kioo kimepasuka kona,
inazungusha kale kaduara, inazungusha,
halafu inanijibu kwa wekundu:
*Muunganisho umekataliwa.*

Umekataliwa na nani?
Seva ninayo mwenyewe, mezani, ndani ya kompyuta,
feni yake inavuma kama nyigu kwenye debe.
Nikiiuliza kwa kompyuta ileile, inaitika upesi:
mizani yote ya ghalani, gunia kwa gunia,
mpaka yale ya Nanjota yaliyorudishwa kwa unyevu.

Nimebadili mlango, elfu tatu hadi elfu nane.
Nimezima ukuta wa moto, nikauwasha, nikauzima.
Nywila nimeichapa kwa kidole kimoja, kama karani mgeni.
Programu nimeifuta na kuipakia mara saba.
Luku imebaki yuniti moja na nukta,
na kesho saa mbili katibu wa chama anataka kuona.
Nilimwambia kimebaki kitu kidogo.

Umeme ukazima.

"Shangazi! Kibiriti kiko wapi?"
"Kipo hapa!"
Nikapapasa meza: kikombe, waya, maganda.
"Hapa wapi?"
"Hapa nilipo mimi, jikoni! Hapo kwako nimepajuaje?"

Nikaganda, mkono juu ya waya.

Mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja.
Nililiandika wiki nzima iliyopita, nikalisahau.
Kwa lugha ya mashine maana yake ni *hapa*.
Kompyuta ikisema hapa, ni kompyuta.
Simu nayo, mtiifu, imekwenda hapa,
ikabisha hodi kifuani mwake yenyewe
na kurudi kuniambia hakuna mtu.

Nikaandika anwani ya kweli, ya mezani pangu.
Kimya bado.
Kumbe seva nayo ilijifungia, inasikiliza sauti yake tu;
nikaipa sifuri nne: sikiliza kokote.

*Nangumbi Atanasia. Kilo sitini na mbili. Daraja la kwanza.*

Nilipiga ukelele, shangazi akaja mbio na kibiriti
akidhani nimeumwa na nge.

Asubuhi, ofisini kwa chama, mtandao mwingine,
wekundu uleule. Katibu akakunja uso, akatazama saa.
Nikamwomba dakika moja,
nikaivuta kompyuta karibu,
nikaiuliza kwa sauti ya chini:
leo hapa ni wapi?