Nukta ya Kijani

Mwezi wa tano tuliisimika kamera Isyonje
katikati ya matuta ya viazi,
macho yake sita yakitazama pande zote
kama kuku aliyesikia mwewe.
Mtangazaji, koti jekundu, akasimama mbele,
akaeleza mbegu, baka jani, bei ya gunia.
Sisi wengine tukalala mtaroni,
maana kamera ile haina mgongo.

Mimi ndiye niliyechora mishale:
mtazamaji akipotea, mshale unawaka,
huku, huku,
mpaka arudi kwenye koti jekundu.
Nililipwa kwa mishale ile.

Mwezi wa kumi na moja nikarudi na miwani begini,
kukijaribu kipindi kwa wenye shamba.
Ukungu umekaa barabarani kama ng'ombe wa mtu.
Watoto wakavaa, wakapiga kelele, wakashika hewa.
Mwalimu Mwaisumo akainama kuokota kiazi,
akagonga paji la uso mezani.
Tukacheka. Nikaandika: ameinama.

Kisha Tusekile.
Alivua kilemba, akakikunja, akakiweka mapajani.
Nikamkaza mkanda kisogoni,
nywele zilinyolewa, ndio kwanza zinachomoza.
Kishikwambi mkononi mwangu kinanionyesha anachokiona,
na nukta ya kijani, punje ya ulezi tu,
ndiyo jicho lake.

Nukta ikatua kwenye koti jekundu.
Ikakaa hapo kwa adabu, kama mgeni.
Halafu ikaanza kuondoka,
ikalipita gari, ikampita punda,
mshale ukawaka: huku.
Ikaupita mshale.
Ikafika kwenye ua wa matete, pembeni kabisa,
pale pasipo na kitu
ila mzee mmoja ametupa mgongo
anafunga kiroba cha mbegu.

Picha ile niliitazama mara mia.
Niliishona vipande, nikaitia rangi, nikakuza anga.
Sikuwahi kumwona.

Gwantwa, wifi yake, akaniinamia sikioni:
Anyelwisye. Mwezi wa nane.

Dakika kumi na moja nukta haikubanduka kwake.
Koti jekundu likaongea na upepo,
likauliza maswali, likajijibu.
"Rudisha," akasema. Nikarudisha.
"Rudisha."
Mara ya tatu akauliza,
kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi dukani:
"Hakuna pa kubonyeza ageuke?"

Nikamweleza, nikijisikia mjinga kadiri ninavyoeleza.
Mama, miwani hii imekupa shingo:
tazama juu, tazama chini, zunguka utakavyo.
Lakini ni shingo yako.
Ya kwake imebaki siku ile.

"Basi niongezee sauti ya huku,"
akagusa sikio la kushoto.
Nikampunguza mtangazaji
hadi akawa samaki, mdomo tu.
Upepo. Kamba inasuguana na kiroba.
Kikohozi, kimoja, kikavu.

Akacheka.
"Nilimwambia avae sweta."

Sasa niko Mbeya mjini, chumba cha gesti, na fomu ya ofisini.
Mtazamaji alifuata mshale? Kosa.
Alinyoosha mkono? Kosa.
Aligeuka? Vema, nimeikoleza wino mpaka karatasi imetoboka.
Chini kabisa pameandikwa Mengineyo,
wameacha mstari mmoja.

Haunitoshi. Naandika mpaka ukingoni, nageuza karatasi:
dakika ya kumi mzee huinua kiroba begani,
hupita karibu kabisa na kamera,
kiroba kimemficha uso.
Mara zote tatu, alipokaribia,
mama alivuta kiti nyuma,
akakusanya khanga yake miguuni.

Alimpisha.