Nyanya Wawili

Kadenyi, daftari limenifikia Jumanne,
limefungwa kwa uzi wa gunia, linanuka omena
kama kila kitu kinachotoka kwenu Kisumu.
Jalada halipo. Nani amelila? Usijibu.

Nimelifungulia jikoni, hapa Kiamunyi,
baridi ya Julai ikinusanusa chini ya mlango,
nikaanza na ukurasa wako wa darasa la tano.
Penseli imefifia. Kosa halijafifia:
"Katakata nyanya wawili,
wakaange hadi walainike."

Unakumbuka? Nyanya Kageha alikuwa anachambua mtere,
Nyanya Awino anampaa ngege magamba kwa kisu butu,
na shangazi Mideva akakusomea kosa lako
kwa sauti ya taarifa ya habari.
Kimya.
Kisha Awino akajibonyeza shavu kwa kidole chenye magamba:
"Mimi nimeshalainika. Anza na huyu wa Maragoli,
huyu bado mgumu."
Walicheka hadi mtere ukafurika, ukazima moto,
tukala uliobaki.

Hakuna aliyesahihisha. Kila anayepokea daftari
hulikuta kosa, hulivuka taratibu
kama unavyomvuka mtoto aliyelala mkekani.

Ukurasa wa tatu, Kageha, kwa mwandiko wa Mideva,
maana yeye kalamu aliiachia wenye haraka:
"Choma maganda ya maharagwe, chuja majivu yake,
onja munyu kwa ncha ya ulimi.
Ukikunja uso, umezidisha.
Usipokunja, umepunja."
Vijiko havimo. Dakika hazimo.
Nimejaribu mara nne. Nakunja uso vibaya.

Wa tano, Awino, herufi kubwa zote:
"NGEGE HAGEUZWI MARA MBILI. SI CHAPATI."
Basi. Hiyo ndiyo mapishi nzima.

Lakini ukiligeuza daftari juu chini
unaingia upande wa vitabu, upande wake yeye,
aliyefagia maktaba miaka kumi na tisa
na kusoma amesimama, kidevu juu ya ufagio.
Ndiye aliyetuachia kipimo:
kitabu hupimwa kwa sufuria.
"Hiki kimeunguza uji."
"Hiki kimeunguza maharagwe, jirani akaja kubisha."
"Hiki hakikuunguza chochote. Mrudishieni mwenyewe."
Amugune ameongeza, chini, kwa wino mwekundu:
"Nimeunguza githeri ya wageni. Mke wangu
haniongeleshi tangu Ijumaa. Kisomeni."

Na pembeni, mstari mmoja wa Kageha,
safari hii kwa mwandiko wako, umekua, umenyooka:
"Kile cha mjane aliyekataa kurithiwa.
Nisomeeni tena pale anapofunga mlango."
Ulimsomea mara ngapi, Kadenyi?
Hujawahi kusema, na mimi
niliogopa kuuliza, nilikuwa mbali, nilikuwa na kazi,
nilikuwa na nauli pia, ukweli usemwe.

Leo nimeandika wangu. Viazi na minji
jinsi mama Wairegi wa nyumba ya pili alivyonifunza,
ponda kabla havijapoa, usimwage maji yote.
Na kitabu nimekitia ndani ya bahasha, kile chembamba.
Kimeniunguzia kitunguu tu, lakini kitunguu chote,
na nilikuwa nimekitazama kikiungua.
Mpe Mideva asome kwanza, macho yake yanakwenda.
Akishindwa, msomee wewe. Usimruke pale katikati.

Jambo moja, halafu nifunge bahasha.
Jioni nilitoka kwenda kibandani, nikiwa na ukurasa wako kichwani.
Mama mboga akaniuliza, "Nyanya ngapi leo?"
Nikasema, "Wawili."
Akanitazama.
"Mbili," akanisahihisha, polepole, kama mwalimu mwenye huruma,
akachagua zilizoiva, akazifuta kwa leso yake.
Nikalipa.