Bolti Nne

Mwaka mzima mashine yangu ilicheza ngoma
hapa ghorofa ya tano, Kutaisi.
Ikifika kukamua, hutoka pembeni kwake
ikapiga hatua tatu kuelekea mlangoni
kama mgeni aliyechoka kubembelezwa abaki.

Nilikunja gazeti chini ya mguu wake. Nikaikalia.
Naam, niliikalia, mjane wa miaka sitini na minne,
meno yakigongana, shuka zikizunguka chini yangu.

Jumberi wa ghorofa ya nne akabisha hodi,
vumbi la chokaa limemkaa kwenye nyusi.
"Tsiala, dari yangu inanyesha."
Nikajifunga kibwebwe kwa ugomvi.
Yeye akaivuta mashine, akachungulia mgongoni,
akacheka peke yake:
bolti nne za safari,
hazijafunguliwa tangu dukani.
"Umeifunga miguu, kisha unailaumu kwa kuchechemea!"

Spana namba kumi. Dakika sita.
Akafungua na kichujio: vifungo viwili, pini ya nywele,
sarafu ya tetri ishirini,
na maji yanayonuka kama chombo cha maua ya makaburini.
"Ukimaliza kufua, mlango uache wazi, ipumue.
Na siki kikombe kimoja kila mwezi."

Sasa inafua kimya, hata paka hashtuki.
Siki naitia. Mlango nauacha wazi.
Bolti nimezihifadhi bilaurini;
alisema nitazihitaji siku nikihama.
Sihami.

Jana, hodi tena. Nyusi zake safi.
"Siku nyingi sisikii kitu," akasema Jumberi,
"nikaona nije kuuliza
kama mko salama."