Shimo Moja

Mara ya tatu sasa tunarudishia mbegu
katika mistari ileile, juu ya bonde la Kidabaga,
na mara ya tatu kindi amepita nyuma yetu
akifukua shimo kwa shimo kama kibarua aliyelipwa.
Dukani kwa Kikoti mfuko wa kilo mbili
haukopeshwi tena.

"Nenda na Deni," akasema baba.

Deni ni mbwa. Alitoka kwa mtu wa Pomerini
aliyekunywa ulanzi wetu msimu mzima,
akashindwa kulipa,
akaleta kitoto cha mbwa ndani ya kofia.
Tangu hapo nikimwita msituni
watu wa ng'ambo hucheka:
sikia, kwa Kihwele bado wanalitafuta deni lao.

Gobore lilining'inia juu ya meko,
limekunywa moshi hadi kitako kikawa cheusi kama chungu.
Kibali chake kina jina la baba, na picha ya baba
ya enzi za macho mawili.
Baruti anaitunza kwenye vichupa vya dawa ya macho,
ile dawa iliyokwisha bila kumsaidia.
Daktari aliuita ugonjwa mtoto wa jicho.
Baba hulicheka neno hilo. Hunishika bega mbele za wageni:
"Mtoto wa jicho langu ni huyu hapa."

Ukungu ulikuwa umeketi kwenye miwati,
hauna haraka ya kwenda popote.
Deni akatangulia, pua chini,
mkia ukiandika kitu nisichoweza kusoma.
Mvua ya jana ilikuwa bado inashuka,
si kutoka mawinguni, kutoka majanini,
tone, kimya, tone.
Nikaifunika fataki kwa kiganja.

Halafu akabweka.
Si ule mbweko wa kumfukuza mgeni.
Mfupi, mkavu, uliosimama mahali pamoja:
hapa. hapa. hapa.

Mvengi mkubwa. Nikatazama juu, sikuona kitu.
Kindi ana akili ya mdaiwa,
mti mzima kwake ni mlango:
ukija mbele yuko nyuma,
ukienda nyuma ameshatokea mbele.
Nikakumbuka maneno ya baba, ya kabla hajaanza kupapasa kuta:
*Usiuzunguke mti. Mwache mbwa auzunguke.
Wewe simama, uwe mti mwingine.*

Nikawa mti. Mguu ukafa ganzi.
Siafu mmoja akapanda, akakagua shingo yangu,
akaona hapafai, akashuka.
Deni akazungukia upande wa pili, akikwaruza magome,
na upande wangu, taratibu,
ukachungulia mkia, kisha sikio,
kisha jicho moja jeusi, lenye maji,
limejaa mimi.

Gobore lina neno moja tu.
Ukishalitamka, hakuna kusema hukumaanisha.

Nikalitamka.

Moshi ulipojitenga na ukungu
Deni alikuwa keshamleta, amemlaza juu ya kiatu changu.
Mwepesi! Nilidhani mwizi wa shamba zima
angekuwa na uzito.
Kinywani, kati ya meno yenye rangi ya chai,
punje mbili za mahindi,
bado zina ile rangi yao ya waridi ya dukani.

Baba alikuwa mlangoni, amegeuza sikio.
"Mlio mmoja," akasema. "Umepata, umekosa?"
Maneno yalinigoma. Nikamwekea punje kiganjani.
Akazisugua kwa kidole gumba, moja, ya pili,
akanusa dawa.

"Shimo moja," akasema,
na mkono wake ukaanza kupapasa ukutani,
ukipita kwenye misumari mitupu,
ukitafuta jembe.

Kule msituni Deni alikuwa amerudi peke yake.
Tulimsikia wote wawili:
hapa. hapa.