Kiu Ina Harufu

Shamba la baba liko Igowole, mteremko wa mawe,
mikaratusi elfu mbili na mia tatu,
ile aliyosema itanisomesha.
Mwaka ule mvua ya Novemba ilikuja Januari,
ikanyesha kama mtu aliyelazimishwa,
ikaondoka bila kuaga.

Nilikuwa kibarua wa Bwana Kihwele wa misitu.
Kutundika mitego myeusi, faneli juu ya faneli,
na ndani yake kichupa cha harufu
ukubwa wa kidole gumba.
Asubuhi, ukungu haujabanduka kwenye chai,
nahesabu waliozama kwenye beseni:
wanne, kumi na mmoja, hakuna,
hakuna, ishirini na tisa.
Naandika kwa penseli. Wino hauuwezi umande wa Mufindi.

Kihwele si msemaji. Ila siku moja,
tukimenya viazi vya moto kwa kupuliza vidole,
alinionyesha mmoja aliye hai kiganjani:
mbawakavu wa kahawia, vipapasio virefu kuliko mwili,
vimepinda nyuma kama pembe za beberu.
Huyu, alisema, anaruka gizani.
Hajui mpaka wala hati ya nani.
Upepo ndio unaomsomea msitu:
huu umeshiba, pita;
huu msonobari, si wako, pita;
huu una kiu.

Mti wenye kiu huchacha.
Maji yakipungua chini ya gome
kitu kinaumuka polepole,
kama togwa iliyosahauliwa nyuma ya mlango,
na harufu inatoka.
Nikaandika: mti unamwita.
Kihwele akachukua penseli, akafuta.
Mti haumwiti mtu. Unapumua tu.
Ni yeye anayesikia.

Sisi tunasema *kusikia* harufu.
Nilidhani ni lugha tu.

Jike hutaga penye gome lililolegea.
Kibuu akiangukia mti ulioshiba, utomvu unamzamisha
kabla hajatafuna mara mbili.
Penye kiu hakuna wa kumzamisha.
Anapekecha, njia inapanuka kadri anavyonenepa,
na unga wa mbao unamwagika mguuni pa mti
mweupe, laini, kama mashineni siku ya soko.

Kati ya elfu mbili na mia tatu walichagua arobaini na mmoja.
Yote ya juu, kwenye mawe.
Nilikuwa napita pale kila siku.
Ilikuwa kijani.

Mwaka huo huo baba alikunywa maji.
Dumu la lita tano lilihamia kando ya kitanda
kama mke mdogo.
Tulicheka. Tulisema ulanzi wa masika unamdai.
Suruali ikaanza kumvuka, tukamtobolea mkanda tundu jipya
kwa msumari, tukacheka tena.

Aliyeacha kucheka kwanza ni mama.
Ilikuwa Jumapili ya Julai, anamfunga vifungo vya koti,
uso wake karibu na kinywa chake,
akasimama na kifungo mkononi.
"Chesko," alisema, "umekula mapichesi?"

Julai. Mipichesi uani ilikuwa fito tupu.

Mafinga walitaja sukari, wakataja na namba.
Namba nimeisahau.

Sasa baba ana sindano zake kwenye kopo la majani ya chai,
na ile arobaini na mmoja tuliikata, tukaichoma mkaa
usioshika moto vizuri.
Mimi bado natundika mitego.

Juzi jioni mmoja alikwepa faneli,
akatua kwenye mkono wa sweta yangu.
Akainua kipapasio kimoja. Akashusha. Akainua kingine.
Sikumgusa.
Nilijikuta nimebana pumzi,
kama mtu mwenye kitu cha kuficha,
mpaka alipofungua mbawa
akaelekea juu, kwenye mawe.

Huyo sikumwandika.